Kamba Niliyoifua

Tassia, Nairobi
Jumapili mchana

Baba yangu,

Najua umehesabu Jumapili tatu bila kusikia sauti yangu, na najua umenuna, maana Mama alinitumia ujumbe wa maneno mawili tu: Baba anauliza. Naomba unisamehe. Sikuwa mgonjwa, wala simu haikuharibika kama nilivyomwandikia Mama. Nilikuwa naiangalia ikilia mpaka inanyamaza. Sababu utaisikia humu ndani, lakini ngoja kwanza nikusalimie kama mtu aliyelelewa.

Macho yanaendeleaje? Ile dawa ya matone unaiweka, au bado unaiangalia tu ikiwa juu ya kabati? Mgongo wa Mama umepoa? Na yule mbuzi wa pembe moja alizaa salama? Sisi huku tupo. Mumo ametoa meno mawili ya juu kwa pamoja, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyepata usingizi katika chumba hiki, na mtu mwenyewe ni mimi. Ametambaa mpaka amechoka kutambaa, sasa anajishikilia ukutani na kutembea. Chochote anachokutana nacho anakitia mdomoni. Hilo la mdomo lishike, Baba, tutalirudia.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu katikati ya uwanja, kisha Baba mdogo Kilonzo ananijibu kabla wewe hujafungua mdomo. Mama Syombua, mwenzangu wa kwaya, anasafiri kesho na atakuletea barua hii mkononi. Macho yako na mwandiko wangu haviwezani, kwa hivyo msomaji ni Ndanu. Ndanu mwanangu, soma polepole, usiruke maneno magumu. Na kama babu Kilonzo ameketi hapo kwenye kigoda, mwambie babu yako mwingie ndani kwanza. Sisemi kwa ubaya. Nataka tu niseme mpaka mwisho.

Baba, pesa za hii pikapu ya biashara yetu ya maji unajua zilikotoka. Ni fahali wako wawili, na ni kile Baba Ndanu ametuma kutoka Uarabuni kwa kuendesha lori kwenye joto ambalo anasema hata usukani haushikiki. Hakuna nyingine nyuma yake. Yeye aliniambia neno moja tu, chagua wewe, wewe ndiye uko Nairobi. Lakini huko nyumbani kila mtu alikuwa na pikapu yake kichwani. Wewe ulitaka nyeupe, tena yenye mbao za mti wa mukau ubavuni, utazichonga mwenyewe. Mama alitaka mahali pa mbuzi. Baba mdogo alitaka milango minne, na sote tunajua anataka kuketi wapi. Muli, mwanawe, naye alinitumia picha ya bampa kubwa la chuma lenye taa nne juu, bila hata kunisalimia. Kila simu ikilia nilikuwa nasikia kichwa kikigonga. Mlikuwa mnachagua gari la arusi, mimi naambiwa nitafute la kubeba maji.

Bahati nzuri nilikuwa na Fundi Barasa. Huyu ni mzee wa hapa Kariobangi anayechomelea milango na vitanda vya chuma, kando ya duka nililokuwa nikiteremshia mkate wakati ule naendesha gari la mkate. Si makanika, lakini amelala chini ya magari mengi kuliko makanika wengi. Nilimwomba tuende naye kwenye yadi za magari. Mumo mgongoni, yeye na sumaku yake mfukoni, tukazunguka siku tatu.

Ya kwanza ilikuwa hiyo ya milango minne. Inang'aa, viti vya ngozi. Kijana wa yadi akaniambia, "Siz, hii ukiingia nayo ushago hata chifu atakupisha njia." Nikamwambia chifu wa kijijini kwetu hanunui maji. Nyuma ni fupi, tangi letu lingekaa na mlango wa nyuma usifungike. Ya pili ilikuwa nyekundu, bei yake nzuri mpaka nikaanza kutabasamu peke yangu. Barasa akatoa sumaku, akaipitisha kwenye mlango, ikashika. Kwenye boneti, ikashika. Ilipofika juu ya gurudumu la mbele ikaanguka chini. Akaiokota, akaipangusa kwa shati, akamwambia muuzaji, "Hapa chuma kilioza, mkaziba kwa unga na kupaka rangi juu." Muuzaji akasema sumaku imezeeka. Tukaondoka, naye akatufuata mpaka barabarani akipunguza bei kwa kila hatua.

Tuliyoinunua ilikuwa imeegeshwa nyuma kabisa ya yadi ya nne, karibu na choo, hakuna anayeiangalia. Rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Milango miwili, dizeli, nyuma ndefu, na mlango wa dereva umebonyea kama uliopigwa teke na punda. Barasa aliomba katoni, akaitandika chini, akaingia chini ya gari na tochi, akakaa huko mpaka Mumo akalala. Alipotoka alisema maneno machache: "Hii imefanya kazi, lakini haijaonewa." Nikaiwasha mwenyewe, nikaizungusha, nikapanda nayo mlima wa pale nje kwa gia ya pili na mawe nyuma. Haikulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka kuliko gari.

Kwa hivyo, Baba, si nyeupe, na bampa la Muli halipo. Pesa ya bampa nimenunulia tairi mbili za nyuma zenye meno, na nimeongeza jani moja la springi kila upande, kwa sababu tangi likijaa ni tani nzima na mteremko wa kwa Nzioka unaujua. Redio haina. Kiti kilikuwa kimepasuka, nimekishonea kava ya turubai kwa mkono wangu, na sindano imenidunga vidole vyote kumi.

Sasa nafika kwa ile sababu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ni fremu ya chuma ya kushika tangi lisicheze nyuma ya gari. Likicheza kwenye mteremko, gari linalala ubavu. Tangi liko huko kwako chini ya paa la jikoni, fremu inatengenezwa huku, kwa hivyo kipimo ilibidi kisafiri. Ndipo ukanitumia kamba yako ya katani, uliyoisokota kwenye paja lako, ukafunga fundo mahali tumbo la tangi linapoishia. Sikushangaa. Tangu ile futi ya kupimia ya Muli ilipokatika mwanzoni ikawa inaanzia nane, na wewe ukakata mlango wa choo kwa futi hiyo, hujaamini tena kitu chenye namba.

Kamba ilifika salama, ndani ya gunia la njugu, imefungwa kwenye kitambaa chako cha ugoro. Nilipokuwa nafungua gunia, Mumo akaivuta, akaitia mdomoni. Alipiga chafya mpaka akakosa pumzi ya kulia. Macho mekundu, pua inachuruzika, mimi nampigapiga mgongo na kukulaumu wewe kimoyomoyo. Alipotulia nikaichukua ile kamba, nikaitumbukiza kwenye beseni pamoja na nguo zake, nikaisugua kwa sabuni vizuri, nikaianika huko juu ya paa la jengo. Ilikaa jua la siku mbili. Nikampelekea Barasa kamba safi, nikajiona mtu wa maana.

Barasa alichomelea fremu kwa siku nne. Fremu nzuri, Baba, pembe zake utazipenda, amezisugua mpaka ukipitisha kidole hakikwaruziki. Siku ya kuichukua, nikasema tuijaribu. Jirani yake anauza maji kwa mkokoteni na ana tangi la lita elfu moja kama letu. Tukaliazima likiwa tupu, vijana wawili wakalibeba, wakaliteremsha kwenye fremu. Halikuingia. Likakaa juu juu kama sufuria kubwa kwenye jiko dogo. Wakalizungusha, wakalisukuma, wapi. Nafasi ilipungua vidole vinne.

Baba, nilikuwa sijala tangu asubuhi, Mumo ananivuta nywele, na shule zinafunguliwa baada ya wiki tano. Wewe umempa mwalimu mkuu neno lako kwamba siku ya kufungua, maji ya shule yataletwa na gari letu, na kama hatuko atampa kazi mwingine. Yote hayo yakanipanda kichwani mara moja. Nikamgeukia yule mzee nikamwambia, "Mzee, umekula vyuma vyangu. Umeipunguza fremu ubaki na mabomba." Nilisema kwa sauti, wakiwepo mama wa chai, vijana wa mkokoteni, wateja wake wawili, watu kama kumi hivi. Nikaongeza na mengine ambayo Ndanu hawezi kuyasoma.

Alichukua kamba yako kwenye msumari alikoitundika, akainyoosha juu ya fremu. Fundo likakaa sawasawa kwenye ukingo wa chuma. Nikasema basi ameikata kamba. Akaileta puani, akainusa. Kisha akaniuliza taratibu, "Mama Ndanu, mbona kamba ya katani inanukia sabuni?"

Nikaanza kumweleza habari ya ugoro na chafya, na nilipokuwa nikieleza nikasikia maneno yangu mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha, Baba. Nikiwa mdogo kuliko Ndanu ulikuwa unatuambia tulegeze kamba za mbuzi mvua ikikaribia, kwa sababu katani ikilowa inajikunja na kumkaba mnyama, na hata ikikauka hairudi urefu wake wote. Nilijua. Nilijua kitu hicho kabla sijajua kusoma, na nikaitumbukiza kwenye beseni.

Jioni hiyo hiyo ukanipigia. Ukauliza fremu imekwisha? Nikasikia kuku, nikasikia kikohozi cha Baba mdogo, nikajua niko kwenye sauti ya juu mbele ya wote. Nikasema fundi ananichezea. Huo ulikuwa uongo, Baba, na ndio ulionifunga mdomo wiki tatu. Baba mdogo akadakia, "Si nilisema? Kazi ya gari si ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Muli aende akalilete, na alishike yeye." Nikangoja useme kitu. Nilisubiri mpaka nikasikia yule jogoo wa Mama akiwika mara mbili. Hukusema. Ukaniaga, ukakata.

Sikulaumu kwa fremu. Nakulaumu kidogo kwa ule ukimya.

Kwa hivyo naandika wazi, na Ndanu asome hapa bila kushusha sauti: gari nitaendesha mimi. Nimeendesha gari la mkate Eastlands hii miaka miwili, kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni unarudi kinyumenyume, na sijamgusa mtu. Niligonga beseni moja la sukuma wiki na nikamlipa mwenyewe. Leseni ninayo. Kosa la kamba ni langu, nimelisema, na hata Baba mdogo akitaka kulisema kanisani aseme. Lakini Muli alikupa futi iliyokatika, na mlango wa choo mpaka leo unaonyesha magoti ya mtu aliyeketi ndani, na sijasikia mtu akimwambia asishike futi tena. Akitaka kazi, kazi ipo. Tangi linahitaji mtu wa kushika mpira na kupanga mitungi, na nitamlipa. Usukani ni wangu.

Unajua vizuri kwamba silii usukani. Gari likishikwa na Muli, mimi nabaki Tassia nikipanda ghorofa tano na ndoo, na Ndanu anaendelea kunijua kwa sauti ya simu. Nilikuletea yule mtoto nikasema ni muhula mmoja. Sasa yuko Gredi ya tano. Pasaka nilipokuja alijificha nyuma ya Mama kabla ya kunisalimia, akadhani sikuona. Hii pikapu haijawahi kuwa pikapu kwangu. Ni njia ya kulala chumba kimoja na wanangu wote wawili.

Na Barasa. Sikuweza kupita pale kwa siku kadhaa, nilikuwa nazunguka njia ya nyuma kama mwenye deni. Mwishowe nikapika chapati, nikajaza thamosi, nikaenda nikasimama mbele ya karakana nikasema mbele ya waliokuwapo kwamba mwizi hakuwapo, aliyekosa ni mimi na beseni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaangalia kulia na kushoto, akasema, "Mama Ndanu, siku ile ulinitukana mbele ya watu kumi. Leo naona sita." Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Ikabidi nimwite mama wa chai aache sufuria yake, nikamtafuta mwenye mkokoteni, nikamtoa kinyozi na wembe mkononi, na wa kumi akawa mteja wa kinyozi na povu upande mmoja wa kidevu. Nikarudia yote toka mwanzo. Mumo akapiga makofi. Ndipo mzee akachukua chapati.

Amekubali kuikata fremu upande mmoja na kuiongeza. Kazi ya mikono yake hanitozi, nitanunua bomba tu. Lakini amekataa kukata kwa kukisia, na amekataa kutumia lile tangi la jirani, kwa sababu kila kiwanda kina tumbo lake. Anataka kipimo cha tangi letu, kabla ya Ijumaa. Akikipata Ijumaa, Jumamosi anachomelea, Jumapili tunapaka rangi, na katikati ya wiki ninaingia hapo nyumbani na pikapu, Mumo, jiko la gesi na godoro, na shule inafunguliwa Jumatatu inayofuata. Mwenye nyumba nimeshamwambia natoka mwisho wa mwezi. Tukikosa Ijumaa, mwalimu mkuu ana haki ya kutafuta mwingine, na mimi sina chumba wala kazi.

Nisalimie Mama, mwambie asifue chochote kinachotoka kwako bila kuniuliza. Nisalimie shangazi Mbithe, dada yako, na nakumbuka kibuyu chake, nitakileta. Nisalimie mwalimu mkuu, mwambie tunakuja. Nisalimie Muli, na umwambie ile ya mpira na mitungi. Na Baba mdogo Kilonzo, ndiyo, naye, kwa heshima yote. Kiti cha mbele kina nafasi ya watu wawili zaidi ya dereva. Siku ya soko nitambeba.

Sasa vitu ninavyohitaji, na vyote vipandishwe kwenye basi la Alhamisi, mfuko mmoja, jina langu juu yake.

Kamba mpya ya katani, kavu, ambayo haijanyeshewa. Pima tangi likiwa limejaa maji, Barasa anasema likijaa tumbo linatoka kidogo, kisha ufunge fundo. Usiifunge kwenye kitambaa cha ugoro. Iweke kwenye karatasi ya unga.

Mbao mbili za mukau za kulaza chini ya tangi, kwa sababu sakafu ya pikapu ina mistari na tangi halipendi mistari. Zile za ubavuni tutazitia polepole nikishafika, na utazichonga utakavyo.

Nakala ya kitambulisho chako, na sahihi yako kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, mahali nilipoweka alama ya kalamu nyekundu. Gari litaandikwa jina lako na langu, pamoja.

Neno lako kwa Baba mdogo, kwa mdomo wako, hapo uwanjani, kuhusu dereva ni nani. Hilo halihitaji basi. Ukishalisema nipigie, na safari hii weka sauti ya juu.

Na kamba ya pili. Ile sketi ya shule niliyoshona kwa kukisia nasikia inamwishia juu ya magoti, na nataka kushona nyingine kabla sijaja. Ndanu, ukifika hapa mpe babu barua ashike. Vua viatu. Simama ukiegemea mlango wa jikoni, usinyanyue visigino, nakujua. Babu akupime kutoka sakafuni mpaka utosini, afunge fundo.

Hiyo sitaifua.

Ni mimi binti yako,
Mwende, Mama Ndanu na Mumo